Sentimita Sita

Mama alikataa kubaki nyumbani. Mshonaji mwenzangu alikuwa kitandani na homa, mapazia manane mazito hayatundikwi na mtu mmoja, na kesho yake asubuhi daktari wa meno aliyenunua fleti katika ghala la zamani la magunia alikuwa anahamia. Mama akajifunga kitambaa kichwani, akachukua mkebe wake wa sindano, akasimama mlangoni kama mtu aliyealikwa.

"Twende," akasema. "Miaka thelathini na minane sijaingia ghala lile. Nikaone wamelifanya nini."

Juu ya mtu tutakayemkuta humo ndani hakusema kitu. Alishasema yote. Wiki tatu tulikuwa tunagombana juu yake, asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya kula, na usiku uliopita alimalizia hivi: "Mtoto wa nyapara hataniita mimi mama." Kisha akaenda kulala, akalala vizuri. Mimi sikulala.

Mtaa wa maghala siku hizi ni mtaa wa watu wenye nafasi. Reli za mabehewa ya mizigo bado zimelala katikati ya barabara, ila zimepangiwa vyungu vya maua kushoto na kulia. Palipokuwa kinu cha mafuta pamekuwa duka la baiskeli. Lile ghala la magunia wamelikata fleti kumi na mbili, na juu ya mlango wameacha herufi za zamani zilizobambuka rangi, kwa makusudi kabisa, kwa sababu watu wa sasa wanapenda uchakavu uliopangwa.

"Hapa palikuwa na lango," mama akasema. "La chuma. Likifungwa unalisikia mpaka mtaa wa tatu."

Habari za lango nilikuwa nazijua toka tumboni. Mama alikuwa na mimba yangu ya miezi saba, akachelewa dakika kumi, na nyapara wa zamu akafunga lango akimtazama usoni. Hakulifungua siku ile wala siku iliyofuata. Nyapara huyo alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, na mtoto huyo sasa ndiye fundi sakafu wa jengo zima.

Mafundi wenzake wanamwita Nusu, maana anaweza kugombana na seremala kutwa nzima kwa ajili ya nusu sentimita. Tulimkuta amepiga magoti karibu na dirisha la mwisho, anapitisha kiganja juu ya mbao kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Akainuka haraka, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akauambia ukuta.

Ndipo akanitazama mimi. Nusu ana namna yake ya kutazama, haina haraka. Inaanzia machoni na inabaki hapo hapo machoni, haishuki, na ndiyo maana inachoma. Nilikuwa nimevaa blauzi ya bluu. Mama aliiona toka nyumbani akainyamazia. Nusu aliiona akajipangusa mikono mara ya pili.

"Fundi," akasema.

"Fundi," nikajibu.

Hayo ndiyo majina tunayoitana, na sijui kwa nini neno ambalo naitwa na kila mtu, hata na muuza vifungo, likitoka kwake linanifanya nitafute mahali pa kuweka mikono.

Wiki tatu nyuma, hapo hapo, nikiwa nimemletea mwenye nyumba sampuli za vitambaa, Nusu aliniambia habari zake bila kupamba. Amepata kazi mji mwingine, hospitali mpya ya ghorofa sita, sakafu zote zake, miaka miwili. "Sitaki kwenda peke yangu," akasema. "Nikuoe nikupeleke, au nikupeleke nikuoe huko, utakavyo wewe. Lakini sitaki kwenda peke yangu." Nikamwambia angoje nimalize mapazia. Sasa mapazia yalikuwa yamekwisha, na basi lake lilikuwa la kesho saa kumi na mbili asubuhi.

Mama hakutujali. Alikuwa amekwenda katikati ya ukumbi, anahesabu nguzo kwa kidole. Fleti ile ni chumba kimoja kikubwa kama uwanja, matofali mekundu yasiyopigwa lipu, boriti nene juu, na madirisha manane marefu yanayoanza karibu na dari na kushuka mpaka chini. Kwenye nguzo ya tatu akasimama.

"Hapa," akasema. "Kigoda changu kilikuwa hapa. Magunia yanakuja yamejaa, nayashona midomo. Wanawake kumi na wanne, kila mmoja na shazia yake." Akanyoosha mkono, akaonyesha urefu wa ile sindano kubwa, urefu wa kiganja chake. "Huyo daktari ataweka nini hapa?"

"Kochi, mama," Nusu akasema.

"Kochi," mama akarudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa.

Tukaanza kazi. Nusu akashika ngazi, mimi nikapanda, mama akanipasia pazia la kwanza. Ni kitambaa kizito, rangi ya majani makavu, nimekishona kwa siku kumi na moja. Nikavika pete, nikaliachia. Likashuka vizuri mpaka chini, na chini likajikunja juu ya mbao kama gauni la mtu mzima alilovaa mtoto.

Nikatazama kutoka juu. Sikuamini. Nimeshona mapazia miaka kumi na sita, ya hoteli, ya zahanati, ya kumbi za shule, na sijawahi kupeleka pazia refu wala fupi.

"Shuka," mama akasema.

Nikashuka. Mama akachuchumaa, akashika ule urefu uliozidi kwa vidole vyake.

"Sentimita sita," akasema bila kupima. Nikapima. Zilikuwa sita.

"Mapazia yote nimeyakata sawa," nikasema.

"Basi yote yamezidi sita." Akagonga sakafu kwa kifundo cha kidole, mbao zikalia. "Hizi mbao ziliwekwa lini?"

"Mwezi uliopita, mama," Nusu akasema.

"Na huyu alipima lini?"

Nilijibu mimi. "Miezi miwili iliyopita. Palikuwa na zege tupu."

"Zege tupu." Mama akainuka, akajishika kiuno. "Miaka kumi na sita unashona mapazia, unaingia kwenye nyumba ina zege tupu, unashusha futi mpaka chini, huulizi kama kuna sakafu inakuja?"

Ndilo swali la kwanza. Naliuliza hata kwenye nyumba ambayo mbao naziona kwa macho. Siku ile sikuliuliza kwa sababu mtu alikuwa amepiga magoti pale anachora mistari ya chaki, akainua kichwa, na mimi nikasahau kazi yangu.

Mama akamgeukia. "Na wewe? Wanasema unapigana kwa nusu sentimita. Sita umezinyamazia?"

"Nilimwona anapima," Nusu akasema. "Nilijua sakafu itapanda juu ya zege."

"Ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya."

"Kwa nini?" Hapo niliuliza mimi, na sauti yangu haikuwa ya mapenzi hata kidogo.

Akatazama kiatu chake. Mtu wa miaka arobaini na miwili. "Nilifikiri yakizidi, utalazimika kurudi. Nilikuwa sijajua kwamba utarudi tu. Ulirudi kesho yake, ukarudi na sampuli, ukarudi na pete za mapazia. Kila ukija nasema leo namwambia. Halafu unacheka, nasema kesho."

"Nimekata mapazia manane kwa ajili ya aibu yako."

"Najua."

"Nilishona mpaka vidole vikatoboka. Manane."

"Najua, fundi. Nipige hata na hiyo futi."

Nilitaka kumpiga kweli. Nilitaka pia kuweka kichwa changu pale shingoni mwake penye vumbi la mbao nipumzike. Mtu haruhusiwi kutaka vyote viwili mbele ya mama yake.

"Mkimaliza," mama akasema, "kuna kazi." Alikuwa ameshakaa chini kwenye nguzo yake ya tatu, miguu ameinyoosha, mkebe wazi, uzi umeshaingia kwenye tundu. "Pasi ipo? Chaki ipo? Wewe mwenye sakafu, tuchoree mstari. Ulionyooka."

Tukakaa chini watatu. Nusu akatandika kila pazia juu ya mbao, akapiga mstari wa chaki kwa ile kamba yake ya kazi, mstari kama wa karatasi ya shule. Mimi nikakunja na kupiga pasi. Mama akashona. Alianza upande huu, nami nikamfuata kutoka upande ule, tukakutana katikati, na kila tulipokutana yeye alikuwa amepita katikati.

Pazia kubwa likitandazwa hivyo, mtu anaweza kulishika huku na mwingine kule, na mikono isionekane. Mara moja nilipokuwa naivuta pembe, kidole cha Nusu kilikuwa chini ya kitambaa. Kikagusa changu, kikabaki. Sikuondoa. Nilihesabu tundu nne za sindano ya mama, tano, sita. Nilifikiri: kesho muda kama huu mkono huu utakuwa mbali siku nzima ya safari. Halafu mama akavuta uzi, na pazia likatutoka.

"Baba yako yuko hai?" mama akauliza, bila kuinua uso.

"Alifariki. Huu mwaka wa sita."

"Aliwahi kukwambia juu ya lile lango?"

"Hakuwahi, mama. Nyumbani hakuwa msemaji. Nilisikia kwa huyu."

"Nilikuwa na mimba yake huyu."

"Aliniambia."

Nilidhani ataanza kumtetea baba yake, kwamba alikuwa na amri kutoka juu, kwamba zamani ilikuwa zamani. Nusu akapiga mstari mwingine wa chaki, akasubiri vumbi litulie.

"Siwezi kukuambia alifanya vizuri," akasema. "Alifanya vibaya."

Mama akashona tundu tatu au nne. "Ulijuaje kupiga mstari hivyo?"

"Nilifundishwa na mzee mmoja seremala. Baba alitaka niwe karani."

"Afadhali," mama akasema, nami sikujua afadhali ipi.

Pazia la saba lilipokwisha alisema anataka choo. Nusu akamwonyesha, nyuma ya ukuta wa mbao, mlango mweupe. Mama akaenda akilalamika kwamba watu wanalala na choo chumba kimoja. Mlango ukafungwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi tukawa wawili.

Wala hatukukimbiliana. Tulibaki tulipokaa, pazia la nane limelala kati yetu.

"Umefunga mizigo?" nikauliza.

"Sanduku moja. Na vifaa."

"Basi ni saa ngapi?"

"Unajua ni saa ngapi."

"Najua. Nauliza nipate la kusema."

Akasogea, akakaa karibu mpaka goti lake likakanyaga kitambaa changu, na mimi mtu wa kufokea mabuti juu ya vitambaa sikufoka.

"Nijibu," akasema. "Hata kama ni hapana. Lakini iseme wewe, kwa mdomo wako. Usiniache nijibiwe na kiti kitupu ndani ya basi."

"Nikubali vipi? Nimwache mama na redio?"

"Baba yangu siwezi kumtoa kwenye damu yangu, fundi. Ningeweza ningeshamtoa kwa ajili yako."

"Si baba yako." Niliposema hivyo ndipo nilipolielewa mwenyewe. "Mama hana neno na baba yako. Wangapi wamemkosea kuliko huyo, na amewasahau. Binti yangu ameenda chuo mwezi wa tisa. Tangu siku ile mama anapika chakula cha watu watatu. Namwambia, mama, tuko wawili. Anasema alisahau. Kesho yake anapika cha watatu. Anaogopa siku ya kupika cha mtu mmoja. Na hawezi kusema, kwa hiyo anasema nyapara."

Nusu akauliza, "Na wewe unaogopa nini?"

"Mimi nimeshamsindikiza mwanamume stendi. Alikwenda kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Nilikuwa nimembeba mtoto, ndiye aliyempungia mkono. Nakuangalia wewe naona lile basi."

"Mimi sikuombi unisindikize." Akanishika mkono, ule uliotobolewa na sindano, akaufunika na wake. "Nakuomba upande."

Nilikuwa namtazama mdomo, nafikiri juu ya miaka kumi na minne ambayo hakuna mtu aliyenishika mkono isipokuwa kunipimia kastabini ya kukinga kidole na sindano, na jinsi nilivyojizoesha, na jinsi mazoea hayo yalivyokuwa yanabomoka pale chini kwa uzito wa kiganja kimoja.

"Haya maji yanafunguliwaje?"

Sauti ya mama. Haikutoka nyuma ya mlango, ilitoka juu, kama amekaa kwenye boriti. Mchora ramani wa fleti ile alitaka boriti za zamani zionekane toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kuta zote za ndani zinaishia njiani, hakuna hata moja inayofika darini. Nusu analijua jengo lile sentimita kwa sentimita na alikuwa amelisahau hilo. Chooni ungeweza kusikia mtu akimeza.

Nilitamani zege lirudi nizikwe humo.

"Inua kile kijiti, mama," Nusu akasema. Hakuuachia mkono wangu.

"Juu au pembeni?"

"Juu."

Maji yakatoka. Yakatoka muda mrefu, zaidi ya muda wa kunawa mikono miwili. Tulikaa tunayasikiliza.

Mama alirudi uso umelowa, kitambaa cha kichwa amekifunga upya. Akakaa kwenye nguzo yake, akavuta pazia la nane mapajani, akalishona lote peke yake, kutoka upande huu mpaka upande ule. Akakata uzi kwa meno.

"Tundika," akaniambia.

Nikapanda, Nusu akashika ngazi. Yote manane yakashuka, yakagusa mbao, yakasimama hapo hapo. Mama akatembea dirisha kwa dirisha akiinama, akipitisha kidole kati ya pindo na sakafu. Kidole hakikupita popote. Alipofika mwisho akamwambia Nusu, "Umenyoosha."

"Asante, mama."

Akamtazama, kama vile ndiyo kwanza anamwona. Neno mama aliliacha lipite.

Tukakusanya vitu: ngazi, pasi, mkebe, mifuko, vifaa vya Nusu vilivyokuwa vinaondoka moja kwa moja. Nje ya mlango wameiacha lifti ya zamani ya mizigo, yenye mlango wa nondo wa kuvuta kwa mkono, na ngazi za chuma zinaizunguka mpaka chini. Nusu akavuta mlango, akaingiza mizigo. Mama hakuingia.

"Mimi nashuka kwa ngazi."

"Mama, ni ghorofa nne. Na magoti yako hayo?"

"Magoti ni yangu." Akaegemea nondo, akachungulia ndani. "Zamani hii lifti ilikuwa polepole sana. Gunia linaweza kuota."

"Bado iko hivyo, mama," Nusu akasema.

"Vizuri," mama akasema. Akashika chuma cha ngazi akaanza kushuka.

Nusu akafunga nondo, akabonyeza. Lifti ikatetemeka, ikaanza safari yake. Tulisimama kati ya mifuko, karibu karibu, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, na hata ingekuwepo tungesimama hivyo hivyo.

"Nakuja," nikasema.

Alifumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

"Sijamaliza. Nipe miezi mitatu, kuna kazi za watu nimeshika. Na siji peke yangu."

"Sikutegemea uje peke yako."

"Tafuta nyumba ya vyumba vitatu. Binti anakuja likizo."

"Vitatu."

"Na iwe chini. Isiwe na ngazi hata moja."

"Hata kizingiti nitakitoa," akasema, akaweka paji la uso wake juu ya langu. Ghorofa nzima ikapita hivyo. Miezi mitatu ni siku tisini, na nilikuwa nimeshaanza kuzisikia, moja moja, kabla hajaondoka. Nikamshika shati kwa mikono miwili, karibu na vifungo, nikashika kwa nguvu. Nilijua namharibia pasi.

Lifti ikagota chini. Hakufungua mlango. Juu yetu viatu vya mama viligonga chuma, hatua, kimya, hatua.

"Nimwendee?" akanong'ona.

"Mwache. Amechagua mwenyewe."

Hatua zikasimama, labda ghorofa ya pili.

"Mmeshafika?" mama akauliza kutoka juu.

Nusu akanitazama, kwa ile namna yake isiyo na haraka. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye shati lake.

"Bado, mama," akajibu.

Tukamsikia akikaa kwenye ngazi.

"Basi," akasema, "nami napumzika."